Wifi yangu, acha kumtafuta huyo mdoli

Wifi yangu,

Assalaam alaykum, na pole na swaumu. Najua mwaka huu unafunga huku miguu haipumziki, ukimtafutia binti yetu mdoli wa Idd. Haya ningekueleza kwenye simu, ila kwenye simu wewe unalia, mimi naharakisha kwa kuwa mteja amesimama, na mazungumzo yetu yanakatikia njiani. Nayaandika hadharani kwa sababu hauko peke yako. Tangu Ramadhani iingie, kina mama na kina baba wanaingia fremuni kwangu hapa Kariakoo na picha ile ile kwenye simu: mdoli mwenye manyoya, masikio ya sungura, meno nje. "Dada, Labubu mnaye?" Nawajibu nilivyokujibu wewe. Mzigo umekata, na kabla ya Idd hauingii.

Hilo la mwisho ndilo hutaki kulisikia, kwa hiyo naanza nalo.

Kaka anasema anahisi wenye maduka tumemficha, tunasubiri usiku wa mwezi tuuze kwa bei tunayotaka. Wapo wenye tabia hiyo, sitawatetea. Lakini safari hii hata anayependa kuficha hana cha kuficha. Midoli, viatu vya taa, vibanio, mabegi ya shule, karibu vyote unavyoviona Mtaa wa Kongo, Narung'ombe na Aggrey vinatoka China, na midoli mingi inatoka mkoa wa Guangdong, miji kama Shantou na Dongguan. Sasa shika kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina mwaka huu wa 2026 uliangukia Februari 17, wiki ile ile tuliyoanza kufunga. Wakati huo wafanyakazi wa viwandani wanarudi makwao. Unaijua stendi ya Magufuli ilivyo Desemba, Wachaga wakipanda kwenda Moshi? Basi chukua hali hiyo uisambaze China nzima. Viwanda vinafungwa siku kadhaa kabla ya sikukuu, na vingi havichangamki mpaka ipite Sikukuu ya Taa, ambayo mwaka huu ilikuwa Machi 3.

Hapo ndipo mashine zinawashwa. Oda zinaingia kwenye foleni, mzigo unapelekwa kwa wakala, wakala anasubiri kontena lijae. Meli mpaka bandarini kwetu ni mwezi na ushee, tena mambo yakienda vizuri, halafu kuna kutoa mzigo. Idd tunaitegemea Machi 20 au 21, mwezi ukiandama. Unaona mwenyewe. Hata wenzetu wanaojiandaa na Pasaka, Aprili 5, wana shida hiyo hiyo, na ndiyo maana unakutana nao kwenye ngazi za maghorofa yale yale unayopanda wewe.

Utaniuliza mzigo wa ndege. Upo, na mdoli ni mwepesi, unaweza kuja kwa kilo. Lakini wakala wa ndege naye anapokea kutoka sokoni kule kule kulikofungwa, na yule aliyewahi kuleta kaboksi kake kadogo ameshauza kwa oda kabla hata hajakafungua. Vilivyobaki mtaani ni vya kuchovyachovya: kimoja hapa, viwili pale, hakuna anayejua vimetoka wapi.

Sasa nikuambie jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na linaniuma kila nikiliona. Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi unapokelewa na winga, yule dalali wa mtaani anayekutafutia bidhaa madukani. Winga ni mtu wa kazi, ana familia, simbezi. Unamwonyesha picha, anakuambia "yupo, nisubiri hapa." Wewe, kwa haraka yako, unamwonyesha na wa pili, na wa tatu, mpaka wa tano, ukidhani unaongeza bahati. Hawa wote wanakimbilia maduka yale yale mawili matatu. Mwenye duka ndani ya saa moja ameulizwa Labubu na watu watano, naye hajui kwamba wote wametumwa na mama mmoja kwa ajili ya mtoto mmoja. Anaona soko limewaka. Kesho yake kopi iliyokuwa 15,000 inasimama 30,000, na wewe unarudi kunipigia simu kwamba bei imepanda kwa sababu watu ni wengi. Wifi, sehemu ya wale watu wengi ni wewe mwenyewe. Ni wewe na kina mama wengine wenye mapenzi kama yako, kila mmoja akihesabiwa mara tano.

Kuhusu yule wa mtandaoni uliyemtumia hela na ya kutolea, akakuambia bodaboda yuko njiani, kisha namba ikawa haipatikani. Kwanza, usimfiche mumeo. Hela inauma lakini si ya kukulaza macho peke yako. Pili, ile namba iripoti kwa kutuma meseji kwenda 15040, hiyo ndiyo namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wauzaji wa mtandaoni waaminifu wapo tele, nawafahamu wengi na baadhi wanachukua mzigo kwangu. Wao wana mahali pa kukutana nao, na wanakubali ulipe ukishashika kitu mkononi. Anayekuambia "zimebaki mbili tu, tuma sasa hivi" wakati Kariakoo nzima imekata, jiulize yeye amezitoa wapi. Msimu huu wanajua wazazi hawalali.

Nakuja kwenye kopi, maana juzi uliniambia "basi hata feki, wifi, mtoto hatajua." Naomba uisome sehemu hii taratibu.

Jirani yangu wa fremu alipata boksi la kopi. Tulimfungua mmoja pamoja, juu ya kaunta yangu, taa ikiwa imewashwa. Harufu ya gundi ilitupiga kabla hatujamtoa kwenye nailoni. Manyoya yake ukiyapitishia vidole yanabaki vidoleni, nyuzi nyuzi za waridi, ukijifuta kwenye dera zinang'ang'ania. Uso ulikuwa umebandikwa umepinda, jicho moja limekaa juu ya jenzake. Nilihesabu meno, kwa sababu yule wa kiwandani kwao ana meno tisa. Huyu alikuwa nayo kumi na moja, mawili yamechorwa tu kwa rangi. Mkono niliuvuta kidogo, kama mtoto anavyomvuta mdoli anapokimbia naye, ukatoka. Ndani yake kulikuwa na kipande cha plastiki cha kuunganishia, kidogo kama punje ya korosho. Kile kipande nilikiweka kwenye kiganja nikawaza mdogo wake mwanetu, yule ambaye sasa hivi kila kitu kinaishia mdomoni.

Si woga wangu tu. Agosti 2025 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwatahadharisha wazazi kuhusu hizi kopi kwa sababu hiyo hiyo: zinaachana vipande, na vipande vinaweza kumkaba mtoto mdogo koo. Tena hata yule halisi hakutengenezwa kwa ajili ya watoto wa umri wa binti yetu. Kampuni yenyewe, Pop Mart, inaandika kwamba ni wa kuanzia miaka 15. Ni kitu cha watu wazima kukusanya na kuning'iniza kwenye mkoba. Mchoraji wake, Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimbuni 2015 kwa ajili ya vitabu vya picha. Alikaa miaka bila kelele zozote. Aprili 2024 mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink akaonekana naye, na kuanzia hapo Asia ikalipuka, kisha Ulaya na Marekani, mpaka ikafika kwenye mabegi ya shule ya watoto wa Dar.

Kuna jambo jingine kwenye huyu mdoli nisilolipenda. Anauzwa ndani ya boksi lililofungwa usione rangi gani imo. Unalipa kwanza, bahati yako unaikuta ndani. Na kuna mmoja wa siri ambaye nafasi ya kumpata kwenye matoleo mengi ni boksi moja kati ya 72. Mimi kwa imani yangu naona inakaribia sana kamari, na kumzoesha mtoto wa miaka saba ladha hiyo ndani ya mwezi huu sitaki. China penyewe mamlaka yao ya masoko ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba maboksi ya namna hii yasiuzwe kwa watoto walio chini ya miaka 8. Mwanetu yuko darasa la pili.

Najua utasema mimi naongea kwa sababu wangu wameshakua. Sikiliza basi ya waliotutangulia. Mwaka 1983 Marekani kulitoka midoli ya kitambaa, Cabbage Patch Kids, kila mmoja na cheti chake cha kuasiliwa. Kabla ya Krismasi ikakata. Kwenye mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, watu wapatao elfu moja walisukumana dukani mpaka mwanamke mmoja akavunjika mguu, na meneja akapanda juu ya kaunta na gongo la besiboli mkononi. Baba mmoja, mfanyakazi wa posta wa Kansas City, alipanda ndege mpaka London kumnunulia binti yake. Mwaka 1996 ikawa zamu ya mdoli mwekundu anayecheka ukimtekenya, Elmo. Kule Fredericton, Canada, mfanyakazi wa duka alivamiwa na umati wa wazazi kwa sababu alionekana ameshika boksi lake. Alivunjika ubavu. Hawa hawakuwa watu wabaya, walikuwa wazazi waliochelewa, kama wewe. Na ile kampuni ya midoli ya 1983, Coleco, miaka mitano baadaye ilikuwa imefilisika.

Huyu Labubu naye, uhaba wake kule ulikotoka umeshaanza kulegea. Mei 2025 walisimamisha kumuuza madukani Uingereza kwa sababu watu walikuwa wanagombana kwenye foleni. Kufika Agosti mkuu wa kampuni alisema wanazalisha midoli ya manyoya takriban milioni 30 kwa mwezi, na kabla mwaka haujaisha bei za walanguzi zilikuwa zinashuka. Kwa hiyo anayekuuzia sasa hivi kwa bei ya kukomoa anakuuzia tarehe ya Idd, mdoli mwenyewe ni wa ziada. Meli zikishusha, baada ya sikukuu, utamwona amening'inizwa nje ya kila fremu.

Sasa mtoto. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, wifi, kwa sababu huyu ni mwanangu pia, damu ya kaka yangu.

Alipokuja kwangu Jumapili ile nilimuuliza anamtakia nini Labubu. Hakuniambia kwamba ni mzuri. Aliniambia kwenye basi la shule wanaokaa nyuma wote wanaye, na wakishuka wanawagonganisha, na yeye huwa anashika zipu ya begi lake ili wasione kwamba haina kitu. Alinionyesha jinsi anavyoshika, kiganja kimefunika chote. Sikumcheka wala sikumwambia aache mambo ya kitoto. Ni jambo la kweli kwake, linauma kama mimi na wewe tunavyoumia tukiwa peke yetu bila sare kwenye shughuli ya ukoo. Lakini angalia alichosema: shida yake ni siti ya nyuma ya basi. Na hiyo shida Labubu wa kopi, mwenye jicho lililopinda, ataizidisha. Watoto wa siku hizi wanahesabu meno kuliko mimi. Atacheka nani pale?

Ndiyo maana nakuomba umwambie ukweli, na umwambie leo. Kila jioni unarudi Mbagala umechoka, naye anakukimbilia mlangoni anaangalia mikono yako kabla ya uso, na wewe unamwambia "kesho, inshallah." Wifi, usimtaje Mungu kwenye ahadi ambayo moyoni unajua haina njia. Mtoto akishaambiwa kesho mara nyingi, halali, na siku ya Idd badala ya kufurahia alichonacho atakuwa bado anaangalia mlango.

Mkalishe baada ya futari, akiwa ameshiba. Mwambie hivi, kwa maneno yako: mwanangu, Labubu hayupo Dar. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na wao walikuwa na sikukuu yao. Meli bado iko mbali. Idd hii hatutakuwa naye. Atalia. Mwache alie, usimwahidi kitu kingine papo hapo kumnyamazisha, kwa sababu hapo ndipo tunapowafundisha kwamba kilio kina bei. Akinyamaza ataanza kuuliza, ninavyomjua: meli ni kubwa kiasi gani, Wachina wana Idd yao pia, kontena linaingia midoli mingapi. Yale ambayo hutaweza kumjibu mtume kwangu. Mzigo wangu wa baada ya Idd ukifika nitamchukua siku ya Jumamosi aone tunavyofungua maboksi, atanisaidia kuhesabu. Kuna mtoto gani wa siti ya nyuma ameshaona hilo?

Na kama baada ya yote, meli zikishusha, wewe na mumeo mkaona bado mnataka kumnunulia yule halisi, mkanunua kwa akili timamu, kwa bei ya siku ya kawaida, sitawapinga. Mtakuwa mmenunua mdoli. Akae juu ya kabati mpaka mdogo wake apite umri wa kutia vitu mdomoni.

Hela uliyokuwa umeitenga, naomba tusiimalize kwenye nauli na mawinga. Toa sehemu weka noti mpya za sikukuu za watoto, maana majirani zako pale watakuja wote, na binti yetu anapenda kuwa yeye ndiye anayegawa. Baada ya swala kaka awapeleke Coco Beach, mapema, kabla jua halijawa kali na kabla barabara haijafunga, wakale mihogo, wapande pembea. Kitambaa cha gauni nimeshakichukua mimi, zambarau, ile rangi aliyoniambia yeye mwenyewe, na kipande kitakachobaki fundi atamshonea kipochi kidogo cha kuning'iniza kwenye zipu ya begi, chenye herufi yake. Hilo la kipochi usimwambie, mwachie shangazi yake.

Nachohitaji kwako ni vipimo, usiku huu huu. Urefu kutoka begani mpaka chini ya goti, kifua, kiuno na mkono. Mpime akiwa amesimama, usikadirie kwa gauni la mwaka jana, amerefuka mno. Fundi anasema akifunga daftari kesho mchana hapokei tena mpaka baada ya Idd, na nimeshamsihi atuwekee nafasi moja.

Wasalaam,
wifi yako wa Kariakoo